Kamba ya Koko na Meno Yangu

Mwezi uliopita nilirudi Baraka, mji wetu wa ziwani, kuchukua vitu vya mama yangu, ambaye sasa anaishi kwangu Uvira, na kilichonipokea ufuoni kilikuwa harufu. Usidhani nasema harufu ya ziwa. Ziwa halina kosa. Nasema maji ya ndakala, dagaa wa kwetu, yaliyomwagwa jana na juzi, mafuta ya injini za boti, na mpira. Mpira kila mahali. Siku hizi mizigo yote inafungwa kwa vipande virefu vinavyokatwa kwenye tyubu kuukuu za pikipiki, na ikifika inakokwenda haifunguliwi, inachanwa kwa wembe, na vipande vinaachwa vikijikunja mchangani kama minyoo. Nilimwona mbuzi anatafuna kimoja. Nilitaka kutapika, na nilikuwa sijanywa hata chai.

Mzee mmoja, papa mwenye mvi, alikuwa anafunga vitu vyangu nyuma ya pikipiki ili vipelekwe kwenye gari la Uvira: godoro la mama, masufuria yake, na bidoni, dumu la plastiki, ya mawese niliyoinunua hapo hapo. Alizungusha mpira, akavuta, akaichomeka ncha mahali fulani chini, akaupiga mzigo kofi. Pikipiki haijasogea hata hatua kumi bidoni ikateleza, ikaanguka, kifuniko kikaruka. Mawese yakaloanisha godoro na miguu yangu. Wenye pikipiki waliokuwa pale wakacheka, na mmoja akasema, bila hata kufikiri, kama mtu anayesema mvua inanyesha, "Hii muzigo ni ya koko bila meno."

Nikamwuliza maana yake nini. Akasema si kitu, ni vile watu wa hapa wanavyosema mzigo ukifungwa vibaya. Nikamwuliza huyo koko ni nani. Hajui. Amezaliwa amekuta watu wanasema hivyo. Papa mwenye mvi alikuwa ameinama anaokota kifuniko, na hakucheka. Nilipomtazama vizuri nikamtambua, na yeye nadhani alikuwa amenitambua tangu mwanzo.

Koko kwetu ni bibi, na koko bila meno alikuwa mama wa mama yangu. Nitakusimulia, rafiki yangu, kwa sababu nilisimama pale nikinuka mawese huku wao wakimcheka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania, na Baraka ilikuwa inajaa tena. Kila wiki boti zilileta watu na mabati yao, vitanda vyao, watoto na kuku waliozaliwa ng'ambo. Wale wa Fizi walipanda kwenda kwao kwa miguu na mizigo yao ikapanda kwa baiskeli. Baiskeli hizo hazikuendeshwa, zilisukumwa, fimbo imefungwa kwenye usukani na mzigo umepita kichwa cha msukumaji. Njia ilikuwa mawe na mashimo, na kabla ya kuanza mlima kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo ambayo hayakuwahi kulala sawasawa. Mzigo uliofungwa ovyo ulijulikana pale.

Kazi ya kufunga ilikuwa ya koko. Mwanamke mzee katikati ya wanaume, na hakuna aliyeona ajabu. Siku za soko alikaa kando ya beseni la kamba zake tangu asubuhi, ukungu bado umefunika rasi ya Ubwari, boti za kwanza zikisikika kabla hazijaonekana, na kwaya ya kanisa jirani ikifanya mazoezi ya wimbo mmoja ule ule. Wasukumaji walimpangia foleni. Kila aliyefungiwa aliacha kikombe cha ndakala kwenye ungo, na hizo ndizo tulizokula kwa bugali ya muhogo na mawese, na pilipili ambayo koko aliiponda kwa kitako cha chupa. Mpaka leo nikisikia ndakala zinakaangwa shingo inageuka yenyewe. Hilo nalikubali, lilikuwa zuri.

Kamba zilikuwa zake mwenyewe. Alizisokota kwa katani juu ya paja, na mwisho wa kila moja alifunga uzi mwekundu uliochanwa kwenye kitenge. Ziliazimwa tu. Zilipanda Fizi na mzigo na kurudi na baiskeli ile ile, zimeviringishwa kwenye usukani. Na hazikukatwa. Mtu aliyekwama na fundo huko juu alipaswa kukaa chini alifungue, hata kama mvua inampiga. Niliwahi kumwona msukumaji mmoja, mtu mzima na ndevu zake, amesimama mbele ya koko na vipande viwili vya kamba mkononi, anatafuta maneno ya kuomba msamaha. Wenzake walimcheka wiki nzima.

Sasa tuje kwenye kinyaa. Kamba hizo zilirudi na kila kitu zilichokutana nacho njiani. Matope, magamba ya samaki, mawese yaliyoganda, nywele za mbuzi, mavi ya kuku. Kuziosha ilikuwa kazi yangu. Sabuni ilikatazwa, kwa kuwa koko alisema inafanya kamba iteleze kama kambale, kwa hiyo ni mchanga na maji ya ziwa tu. Unasugua, unasuuza, unaanika juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nilizishika kwa vidole viwili, uso nimeugeuza pembeni. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Aliniita Madame wa Bukavu, na aliwaambia watu kwamba mimi nitaolewa na mwanaume anayekula ndizi kwa uma.

Na kamba hizo hizo ziliingia mdomoni.

Lazima nikueleze fundo lenyewe, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Unauzungushia mzigo kamba mara mbili, kamba inapishana juu, unavuta kwa nguvu zako zote huku goti limeukandamiza mzigo. Imekaza. Lakini mikono yako yote miwili imeshika, na fundo bado halijafungwa. Ukiachia mkono mmoja ili upitishe ncha, kamba inarudi nyuma kidogo, upana wa kidole. Huoni kitu. Ukiupiga mzigo kofi unaitika vizuri tu. Ila ukifika kwenye magogo ya kijito kidole kimoja kinakuwa viwili, vinakuwa kiganja kizima, na mzigo unatoka ndani ya kamba kama mguu kwenye kiatu kikubwa. Koko hakukubali kidole kile. Aliinama, akauma kamba pale pale inapopishana, akaishikilia kwa meno ya mbele, na mikono yake ikawa huru kupitisha ncha na kufunga. Kisha akamwagia fundo maji ya ziwa ili katani ivimbe, ijibane. Wengine wote ufuoni walifunga kwa mikono peke yake. Nadhani waliona kinyaa kama mimi, ila wao hawakusema.

Akimaliza alitema pembeni, akajifuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Mara nyingine gamba la samaki lilibaki limemganda kwenye mdomo wa chini. Nyumbani akipata kipande kigumu cha nyama alikitafuna kwanza, akakitoa, akanipa, kwa mapenzi yake yote. Mimi nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa na kwenda kukitupa nyuma ya nyumba.

Mwaka ule meno ya mbele yakaanza kumtoka. Moja lilibaki kwenye kamba, nililiona kwa macho yangu, la kahawia na damu kidogo kwenye shina, na yeye alilichomoa akalitupa majini bila kuacha kuvuta. La mwisho lilipotoka alipapasa ufizi kwa ulimi. Halafu akaniita.

"Leta kinywa, Madame," akasema. "Meno yangu imeisha. Yako iko mupya."

Nililia. Nilimwambia ni chafu, nitaumwa tumbo, nitakufa. Hakunigombeza. Alinijibu jambo ambalo nalisikia mpaka leo nikipiga mswaki.

"Uchafu utatema. Muzigo ikianguka, utaitema wapi?"

Basi nikawa meno ya koko. Yeye alivuta kutoka upande mmoja, shavu limebanwa kwenye mzigo, hanioni. Mimi upande wa pili niliuma. "Umeshika?" aliuliza. "Mm," nilijibu kupitia kamba, na alipoisikia ile "mm" mikono yake ilikimbia kufunga. Ladha yake siwezi kuisahau: chumvi ya samaki, kutu, jasho la watu nisiowajua, na nyuzi za katani zilizoniachia vijiti kwenye ulimi. Nilitema mpaka mate yakaisha. Hata hivyo mizigo ilifika. Wasukumaji walisema koko ameota meno mapya, na yeye alinipapasa kichwa mbele yao kwa mkono unaonuka. Kulikuwa na asubuhi mbili tatu ambapo nilijisikia mtu mkubwa, lazima niseme.

Kisha akaja mama mshonaji. Alikuwa ametoka kambini kama sisi, akielekea kwao Fizi, na mali yake yote ilikuwa cherehani, kichwa cha chuma ndani ya sanduku la mbao, kimevikwa blanketi kama mtoto mchanga. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na alikuwa amekwisha kuahidiwa kushona sare. Alituambia hayo yote huku ameweka mkono juu ya sanduku, na hakuutoa mpaka koko alipomwomba autoe ili afunge. Msukumaji wake alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye kila mara alirudisha kamba zikiwa zimeviringishwa vizuri kuliko za wenzake. Huyo ndiye papa mwenye mvi niliyekuambia.

Kamba iliyobaki kwenye beseni ilikuwa moja. Siku iliyotangulia ilirudi kutoka Fizi ilikofunga nguruwe, na nguruwe huyo alikuwa ameogopa njia nzima. Sitakueleza zaidi. Niliambiwa niioshe. Niliisukuma majini kwa fimbo, nikaigeuza mara mbili, nikaitoa kwa fimbo ile ile, nikaianika. Ilikuwa bado na alama za kijani zilizokauka katikati ya nyuzi, na nilizijua zilipo, kwa sababu niliziacha mimi.

Koko akazungusha. Akapishanisha. Akaweka shavu lake kwenye sanduku, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikainama, na pale kamba ilipopishana, pale pale pa kuuma, nikaona ile rangi ya kijani. Harufu ikanipanda puani. Nikasogeza mdomo karibu bila kugusa.

"Umeshika?"

"Mm," nikasema.

Mikono yake ikakimbia. Niliona kamba ikirudi nyuma, upana wa kidole, mbele ya pua yangu. Koko akamwaga maji, akalipiga sanduku kofi, likaitika vizuri. Mama mshonaji akamshukuru, akamwachia kikombe chake cha ndakala, akaondoka nyuma ya baiskeli. Mimi nilitema mate mchangani ili nionekane kama siku zote.

Walirudi kabla jua halijaegemea magharibi. Mama mshonaji alikuwa amejitwika sanduku kichwani, limepasuka pembeni, na halii, jambo lililonitisha zaidi. Kwenye magogo ya kijito sanduku lilichomoka ndani ya kamba, likaangukia mawe. Mkono wa chuma wa cherehani, ule unaobeba sindano, ulikuwa umevunjika vipande viwili, na chuma cha namna ile hakiungwi, hata mhunzi alikuja kulisema hilo baadaye. Watu wakajaa. Mama mshonaji akamnyooshea kijana kidole, kwamba alipita magogo kwa haraka, kwamba hakuwa na huruma na kitu cha mtu. Kijana alisimama amening'iniza kamba mkononi na hakujitetea. Kamba ilikuwa nzima, fundo halikufunguka. Ilikuwa duara tupu.

Koko akaichukua. Akapitisha kidole gumba pale inapopishana. Mahali palipoumwa panakuwa pamebonyea, nyuzi zimelala, na kila kamba iliporudi kutoka Fizi alipapapasa hivyo. Pale palikuwa mviringo, na mavi makavu hayajaguswa. Akanusa. Akanitazama mara moja tu, si kwa hasira, kama vile unavyomtazama mtu kuhakikisha ni yeye.

"Ni miye nilifunga," akawaambia watu. "Leo nilifunga bila meno, na sikusema. Huyu kijana hana kosa."

Mama mshonaji akaketi juu ya sanduku lake. Siku ya soko iliyofuata foleni ilikuwa ya watu wawili, iliyofuata mmoja, mwenye kuku. Karibu na soko alikuwa ametokea mwanaume anayekata mipira ya tyubu, haraka, bila mate, bila maji. Koko aliendelea kukaa na beseni lake. Watu wakaanza kusema mzigo mbaya ni wa koko bila meno, kwanza kwa sauti ya chini alipokuwa karibu, baadaye mbele yake, na yeye aliwasalimia kama kawaida. Hakuniambia neno. Hakusema tena "leta kinywa". Nilingoja anichape, hakunichapa, na alikufa bila kuniuliza.

Na sasa nikwambie kinachonichefua kuliko nguruwe, kuliko magamba, kuliko lile jino. Nilifurahi. Beseni lilipokosa watu nilifurahi kwamba sitaonja tena kamba ile. Nililala vizuri, nilikula vizuri, mdomo wangu safi. Naijua furaha ile ilivyokuwa, nikiikumbuka nataka kusukutua.

Ndiyo maana niliposikia wale wenye pikipiki wakicheka, watu ambao hawakuzaliwa bado, nilibaki nimesimama kwenye mawese. Kamba za uzi mwekundu hazipo, katani hakuna anayesokota, hakuna kitu kinachopanda Fizi na kurudi kwa mwenyewe. Aibu ya kukata kamba imekwisha kabisa, hata watoto wanatembea na wembe mfukoni. Kati ya yote yaliyokuwepo ufuoni pale kilichobaki ni koko, na amebaki kama kicheko.

Niliwaambia. Sauti ilitoka mbaya, kali kuliko nilivyotaka.

"Koko bila meno ni wangu. Hakukosa. Miye ndiye nilikuwa na meno, na sikuuma."

Mmoja akauliza kwa nini sikuuma. Nikamwambia niliona kinyaa. Wakacheka tena, bila shaka wangecheka, wangefanya nini kingine. Nilitamani kuwachapa wote. Papa mwenye mvi alikuwa amesimama na kile kifuniko cha bidoni mkononi, anakigeuza geuza.

"Siku ile nilipita magogo na haraka," akasema polepole. "Mama mushonaji alisema kweli. Nilijua koko anabeba kosa yangu. Miaka yote hii nilijua hivyo."

Alikuwa na miaka yake na mimi na yangu, na mwanamke mmoja alitubeba sote wawili mgongoni bila kumwambia mmoja habari za mwenzake. Alifunga kile kifuniko, akaanza kutafuta mpira mwingine. Nikamwambia aache. Kulikuwa na kamba ya boti imelala mchangani, ya nailoni, nyeusi kwa mafuta, magamba yameshikamana nayo, na nikamwomba mwenye boti aniazime, nikamwahidi kwamba itarudi, nzima, leo hii. Aliniona kichaa, lakini alinipa.

Tukaipanga mizigo upya. Nikazungusha mara mbili, nikapishanisha. Papa akaenda upande wa pili, akaweka shavu lake kwenye godoro lililojaa mawese, akavuta. Nikainama. Ilinuka vibaya kuliko vile nilivyokumbuka, na wale wenye pikipiki walikuwa wamesogea wananitazama, mama mzima mwenye mkoba wa ofisi. Nikauma.

"Umeshika?" papa akauliza, sauti ikitoka ndani ya godoro.

"Mm," nikasema, na mate yenye mafuta na samaki yakanishuka kooni.